Fundi Aliyesikiliza Redio Asisikie Habari

Katika mji wetu wa Baraka mafundi ni wengi. Kuna fundi wa pikipiki, fundi wa injini za mitumbwi, fundi wa cherehani, fundi wa simu anayekaa chini ya mwavuli karibu na soko. Lakini mtaani kwetu ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamtaja yule mwanamume mrefu wa redio, mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwa kali, aliyepita barabarani kila asubuhi ameshikilia redio ndogo sikioni.

Nilifanya kazi naye miaka mingi. Mimi ndiye niliyesoma matangazo ya asubuhi: vifo, mikutano ya wazazi, chanjo ya watoto, mbuzi aliyepotea, mtumbwi unaoondoka kwenda rasi ya Ubwari. Yeye ndiye aliyehakikisha kwamba nikifungua kinywa, sauti yangu inatoka. Katika miaka yote hiyo sikumsikia hata mara moja akisema sentensi nzima kwenye mikrofoni. Wengine wakijaribu mikrofoni husema "moja, mbili, moja, mbili." Yeye aliigonga kwa ukucha, akatikisa kichwa, akatoka.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba akisikiliza redio hakusikia maneno. Asubuhi moja nilisoma tangazo la kifo cha mtu wa Ubwari. Nilipofika kwenye majina ya ndugu waliobaki, nikakuta jina lake. Marehemu alikuwa kaka yake mkubwa. Nilidhani ameshaambiwa, kwa hiyo nilisoma taratibu, kwa heshima, nikijua yuko barabarani na redio yake sikioni. Baada ya muda akarudi anatabasamu.

"Imetoka muzuri leo, mama," akaniambia. "Muzuri kabisa. Sauti iko safi mpaka kule darajani, kwenye pont."

Nikamtazama. "Papa, umesikia matangazo?"

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

Akacheka kidogo. "Ah, maneno. Maneno siyafwate, mama. Miye niko nafwata kama inatoka."

Nikamshika mkono nikamkalisha kwenye benchi ya mlangoni. Ikanibidi nimwambie mtu mmoja, kwa mdomo wangu, kile nilichokuwa nimeshawaambia watu wote kuanzia kijiji cha Lweba hadi milimani. Hakulia. Aliizima ile redio ndogo, ambayo muda wote huo ilikuwa inaimba mkononi mwake, akaniuliza kama mtumbwi wa Ubwari umeshaondoka.

Wasiomjua walimwita mwenye majivuno. Mimi sikuona majivuno. Alimsalimu kila mtu salamu kamili: jambo yako, na nyumba, na batoto, na mama iko na nguvu? Alingoja jibu la kila swali. Ila salamu hizo alizitoa akiwa amesimama mlangoni, na ukimwambia karibu ndani alisema, "Niko napita tu." Kanisani alikaa benchi la mwisho, na wimbo wa kufunga ulipoanza alikuwa ameshafika barabarani. Mkurugenzi wa redio aliwahi kumpa ofisi yenye dirisha linalotazama ziwa. Fundi akaingiza humo mabetri, yeye akabaki katika chumba cha mashine, ambacho hakikuwa na dirisha lolote.

Na humo ndani alizungumza. Ukipita koridoni ulisikia sauti yake, mara ya kubembeleza, mara ya kugomba, na ukichungulia hukumwona mtu mwingine. Na watu aliongea Kiswahili, na wakubwa Kifaransa. Na mashine aliongea Kibembe, lugha ya nyumbani. Mlinzi wetu alimcheka sana kwa hilo. Siku moja nikamuuliza sababu.

"Sasa nitaongea Kibembe na nani, mama?" akasema. "Kwangu haiko mutu."

Habari ya kwake niliipata kwa vipande, na sijui kama nimeviunga vizuri. Alijifunza ordinateri, yaani kompyuta, katika kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, Tanzania, wakati sisi wengi tulikuwa kule. Kule ndiko alikooa, na binti zake wakazaliwa kule. Watu walipoanza kusema nyumbani kumetulia, yeye alivuka wa kwanza ili atengeneze nyumba, kisha aje awachukue. Alikuwa juu ya paa anagonga misumari alipoletewa habari kwamba faili ya familia imepita, imekubaliwa: wanakwenda Amerika. Jina lake lilikuwa limeshawekwa upande wa waliorudi Kongo. Mkewe alingoja kadiri alivyoruhusiwa kungoja, kisha akapanda ndege na watoto.

Hakumlaumu. "Ningekuwa yeye, na miye ningepanda," alisema. Lakini ile nyumba hakuimaliza. Chumba kimoja kilipata mabati, vingine vikabaki kuta tupu na majani yakamea ndani.

Binti zake walimpigia simu Jumapili. Nilimwona mara kadhaa uani, simu sikioni, anasema, "Eh. Eh. Aksanti. Eh, mwanangu." Mwaka baada ya mwaka zile "eh" zilizidi, maneno yakapungua, kwa sababu watoto walikuwa wanakipoteza Kiswahili na yeye hakuwa na Kiingereza. Simu ikikatika alibaki anaitazama kama betri iliyokwisha moto, kisha anaingia chumba cha mashine.

Sasa niseme jambo la mashine, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichompata. Nitalisema kama alivyonieleza yeye, aliporudia na kurudia mpaka nikalishika.

Redio yetu iliendeshwa na ordinateri yenye mfumo wa zamani wa Linux. Ilipowashwa, iliamsha kazi zake moja moja, kwa namba ambazo Fundi mwenyewe aliziandika: kwanza diski, halafu sauti, mwisho programu inayoiamuru émetteur, ile mashine inayorusha sauti hewani. Moja ikimaliza ndipo nyingine inaanza. Ilikuwa polepole, ungeweza kuchemsha chai na kuinywa. Lakini haikukosea mpangilio hata siku moja. Maagizo hayo ya kuamsha, ambayo mafundi huyaita skripti, aliyaandika alipotoka kambini, na aliyajua kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani.

Ordinateri ile ikafa. Wafadhili wakaleta mpya, na pamoja nayo akaja injinia kutoka Bukavu, mama mwenye miwani na sauti ndogo, aliyeijua kazi yake vizuri. Linux ya ile mashine mpya haikuamsha kazi moja moja. Iliamsha zote kwa pamoja, na kila kazi ilingoja tu kile ilichoambiwa ingoje. Skripti za zamani iliweza kuzipokea na kuziendesha kana kwamba ni zake. Hilo lilikuwa la lazima kwetu, maana programu ya émetteur ilikuwa ya kizamani, walioitengeneza hawakuwepo tena, na haikujua kuamka kwa njia nyingine ila kwa skripti ya Fundi.

Nilikuwepo walipoagana. Injinia alisimama kwenye mlango wa chumba cha mashine, begi begani, dereva anapiga honi nje.

"Papa, kitu kimoja," alisema. "Sauti sasa inaamushwa na mfumo mupya. Émetteur inaamushwa na skripti yako. Namba zako zinapanga ba zamani kwa ba zamani. Hazipangi wa zamani na wa mupya. Andika pale juu ya skripti: émetteur inapashwa kungoja sauti."

"Nitaandika."

"Utaandika kweli?"

"Mama, si umeona? Tumezima, tumewasha, tumezima, tumewasha. Kila mara inatoka muzuri."

"Inatoka muzuri sababu sauti iko mbio. Siku sauti itachelewa, hakuna wa kuambia émetteur ingoje."

"Nitaandika, mama. Safari njema."

Hakuandika. Siku hizo alikuwa na msemo wake: "Kitu kinatembea, unakigusa juu ya nini?" Na kitu kilikuwa kinatembea. Majuma yakapita, mvua ikaanza, sisi sote tukasahau.

Ikaja wiki ya mawingu. Jua halikutoka, mabetri ya umeme wa jua yakanyonywa mpaka yakakauka, na ordinateri ikazimika ghafla bila kufungwa. Asubuhi mlinzi akawasha jenereta, kama alivyofundishwa. Mashine ikaamka, na kwa kuwa ilikuwa imezimika vibaya ikaanza kwanza kuikagua diski yake. Sauti ikachelewa. Émetteur haikuchelewa. Programu yake iliamka, ikatafuta sauti, haikukuta kitu, ikakichukua kile kitu kisichokuwepo ikakirusha hewani.

Mimi nilikuwa studio. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, sindano ya mita ilikuwa inacheza, sauti yangu niliisikia kwenye kaske masikioni. "Bandugu basikilizaji, jambo yenu." Nikasoma matangazo yote. Nikatania kidogo juu ya mvua. Nikamsalimia mama mmoja wa Lweba aliyependa kutuma salamu. Niliongea na watu na hapakuwa na hata mmoja aliyenisikia.

Kituo kikizimwa, redio ya nyumbani hupiga shshsh, na mtu wa Baraka akisikia shshsh anasema, leo bana-panne, yaani mitambo imeharibika, anaendelea na kazi yake. Asubuhi ile haikupiga shshsh. Ilikuwa kimya kizito, kama mtu ameishika mikrofoni na hasemi. Kimya hicho kwetu kina historia. Katika miaka ya vita, wenye silaha walipoingia mjini, redio ndiyo iliyonyamaza kwanza, na ilinyamaza hivyo hivyo, imewashwa, haina neno. Na wiki ile uvumi ulikuwa umeshuka kutoka milimani. Basi mama mmoja akafunga godoro. Jirani yake akamwona, akafunga lake. Watu hawakuulizana. Walipotoka barabarani walikuta wengine wameshatoka.

Fundi alikuwa njiani anakuja kazini alipokutana nao: masufuria vichwani, watoto migongoni, wote wakishuka kuelekea ufukweni. Akauliza, "Kuko nini?"

Mwanamume mmoja akamjibu bila kusimama, "Redio imenyamaza, papa. Kimbia."

Alikimbia, lakini alikimbia akipanda, kuelekea redioni, kinyume na watu wote. Nilimwona akipita nyuma ya kioo cha studio na matope mpaka magotini. Punde taa nyekundu ikazimika. Ilipowaka tena aliingia studio, jambo ambalo hakulifanya kamwe nikiwa hewani, akaniambia kwa kuhema, "Baambie barudi. Hawakukusikia. Kuanzia mwanzo hawakukusikia. Baambie hakuna kitu."

Niliwaambia. Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Wengi walirudi, wengine wakicheka, wengine wakitutukana, nasi tuliyapokea matusi kwa furaha. Lakini mitumbwi ya kwanza ilikuwa imeshaondoka kuelekea Ubwari, na katika mmojawapo wana walikuwa wamembeba mama yao, bibi mgonjwa aliyekuwa hajatoka kitandani tangu mvua kuanza. Kulikuwa na mawimbi, na mvua haikukatika. Alifia humo mtumbwini, kabla hawajafika nchi kavu.

Wana wake ndio walioleta tangazo la kifo redioni. Fundi alikuwa amesimama koridoni. Nilimsikia mkubwa wao akimweleza mlinzi, "Tulikimbia pale redio ilinyamaza." Nilipotoka studio, Fundi hakuwepo. Nilimkuta chumba cha mashine, amekaa sakafuni, na kwa mara ya kwanza haongei na chochote.

Kesho yake akaniomba nimsindikize matangani, kule Ubwari. Tulivuka pamoja. Njia nzima aliyatazama maji. Tulipofika tulipewa viti karibu na wazee, na baada ya maombi Fundi akasimama. Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akisema mbele ya watu alisimama mbele ya ukoo mzima.

"Bandugu," akasema, "nimekuja kusema kosa. Ile asubuhi redio ilinyamaza, ni sababu yangu. Kulikuwa mustari moja ya kuandika. Niliambiwa niandike, sikuandika. Émetteur iliamuka mbele ya sauti, haikungoja, sababu sikuiambia ingoje."

Watu walitazamana. Mzee mmoja akaegemea kwa mwenzake akauliza, "Anasema nini?" Mwenzake akasema, "Ni huzuni."

Mtoto mkubwa wa marehemu akasimama, akamshika Fundi mabega kwa upole. "Papa, kaa. Mama alikuwa mugonjwa. Redio haiue mutu. Ni vita ndiyo ilitufundisha kukimbia."

"Hapana, sikia kwanza. Mustari ile..."

"Papa, aksanti. Umetoka mbali kuja kulia na siye. Kaa."

Akakaa. Jioni walitufungashia samaki wakavu, kama wanavyofungashiwa wageni waliokuja kuwafariji wafiwa. Katika mtumbwi wa kurudi alikishika kile kifurushi magotini, akasema, "Wamenipa samaki, mama." Kisha tena, baadaye kidogo: "Wamenipa samaki."

Nimekutana na watu waliofanya makosa wakanyimwa msamaha. Yeye alinyimwa kitu kingine. Hakuna aliyelielewa kosa lake kiasi cha kuweza kumsamehe. Mkurugenzi alisema ilikuwa panne. Mchungaji alisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilisema usijitese, papa, na niliposema hivyo niliona macho yake yakifunga kama mlango, kwa sababu mimi nami sikuwa nimeelewa.

Mwishowe alimpigia injinia wa Bukavu. Alimpigia akiwa kwangu studio, maana huko mtandao ulishika vizuri, na simu yake ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote. Alimweleza kwa ufundi, bila huruma juu yake mwenyewe.

"Hukuandika," injinia akasema.

"Sikuandika."

"Oui. Basi ni kosa yako, papa. Na miye niko ndani. Nilijua hujaandika, nikasikia honi ya dereva, nikaenda. Ilifaa nikae nione unaandika."

Fundi alifunga macho. Alisema, "Aksanti, mama," kwa namna ambayo sijasikia mtu akishukuru. Siku ile alilala mchana kutwa kwenye mkeka, katikati ya waya, na tulimwacha.

Baada ya hapo alianza kazi ya kuipatanisha mifumo ile miwili, na ilimchukua msimu. Kuandika ule mstari kulikuwa jambo la dakika. Kilichomshika ni kwamba aligundua mstari hautoshi. Sauti ilipoambiwa iamke, ilijibu "nimeamka" ilhali ingali inapangusa macho. Na émetteur, ikiwa imeambiwa ingoje jibu hilo, ilianza mapema vilevile. Basi akaandika programu ndogo ya kukaa katikati, isiyouliza kama sauti imesema imeamka, bali inayosikiliza kama sauti ipo kweli. Ikisikia, inairuhusu skripti ya zamani iiwashe émetteur. Isiposikia, émetteur inabaki imezimwa kabisa, watu wasikie shshsh yao, waseme panne, wabaki nyumbani.

Likatokea tatizo jingine. Mfumo mpya una subira yenye mpaka. Kazi ikikawia kuamka, unaihesabu imekufa, na unaiua. Mara nyingi aliniita nione: ile programu yake imekaa inangoja sauti kwa uaminifu, na mfumo unaiua ikiwa inangoja.

"Unaona? Ule wa zamani ulingoja tu. Ungengoja mpaka kesho," alisema. "Huyu anachoka."

"Sasa utafanya namna gani?"

"Namuambia aongeze subira. Iko nafasi ya kuandika. Lakini lazima umuambie. Usipomuambia, hajue."

Kujaribu alijaribu kwa ukatili. Alichomoa waya mashine ikiwa katikati ya kuamka. Aliziharibu diski makusudi, akazitengeneza, akaziharibu tena. Na kila alipofika mahali ambapo ordinateri iliandika kwamba kila kitu kiko sawa, hakuiamini. Aliniacha mbele ya mikrofoni, akachukua redio ndogo, akatembea kwa miguu njia ya Lweba mpaka nikamwona dirishani amekuwa mdogo, akasikiliza kutoka huko. "Mashine ikisema iko hewani, inasema kwa ajili yake," alisema. "Toka inje, uende uulize hewa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza ile tabia ya kutembea na redio sikioni. Watu walidhani anapenda habari. Alikuwa anauliza swali lilelile kila asubuhi, na akishajibiwa anarudi kazini. Redio yetu haikunyamaza tena vile. Ilizimika mara nyingi, ndiyo, kwa shshsh ya kawaida. Hakuna aliyefunga godoro.

Sitaki mdhani kwamba alikuwa mtakatifu. Aliweza kununa wiki nzima kwa sababu mtu ameweka kikombe juu ya mashine. Alikataa kumfundisha mwenzetu mmoja kwa sababu alisema anaandika kwa haraka. Na mwenye subira ile na mashine hakuwa na subira na binadamu anayezungumza taratibu. Alimmalizia sentensi zake, tena kwa makosa. Nilipofiwa na mume wangu alikuja akasimama mlangoni mwangu, akauliza salamu zote mpaka ya mwisho, akasema anapita tu. Nilimkasirikia siku nyingi. Baadaye nikasikia kwa mlinzi kwamba asubuhi ile ya tangazo la msiba wangu, alipotoka na redio, hakurudi mapema. Alikaa kwenye jiwe kando ya barabara akaomba mpita njia amwambie neno kwa neno redio imesema nini.

Wafadhili walipobadilika, vifaa vyote vikabadilika. Ikaja émetteur mpya iliyozungumza na mfumo mpya moja kwa moja, isiyohitaji skripti ya mtu. Akaja pia fundi mpya, mwenye adabu, aliyemwita papa na kumwomba ushauri. Fundi alimwonyesha kila waya. Kisha siku moja hakuja. Hakuaga. Nyumba yake ya chumba kimoja tuliikuta imefungwa kwa kamba. Wengine walisema amekwenda Ubwari kwa watoto wa kaka yake, wengine wakasema hatimaye amepata njia ya Amerika, na sisi redioni, ambao kazi yetu ni kuwatafuta watu waliopotea, hatukumtangaza. Hatukujua tungesema anatafutwa na nani.

Mwaka uliopita nilipanda mjini Fizi, milimani, kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wangu. Ofisi zilinichelewesha, na nilipofika mahali pa magari ya kushuka Baraka, dereva alikuwa ameshaanza kuwaita watu. Kule juu kuna baridi. Nikasikia mtu anasema nyuma yangu, "Mama, jambo yako. Na nyumba? Na bajukuu?"

Alikuwa amevaa koti la sufu lililomzidi, na nywele zimekuwa nyeupe. Ana chumba katika shule moja pale, akaniambia. Anatunza ordinateri za wanafunzi. Nikamuuliza kama anaona vizuri kukaa huko. Akasema ukungu ni mwingi. Nikamwambia tulimtafuta. Akasema, "Aksanti," kisha akatazama pembeni. Dereva akapiga honi, nikashika mkanda wa begi langu.

Simu yake ikalia. Akaitazama, akanitazama, na badala ya kuipokea akaninyooshea.

"Ni binti wa kwanza. Ongea naye weye, mama. Weye unajua kuongea na batu hawaonekane."

Nikaipokea. Nikasema mimi ni rafiki wa baba yake, tulifanya kazi pamoja. Sauti ya mwanamke mzima ikasita, ikitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani ndani ya nyumba aliyoihama zamani.

"Mama, samahani. Kiswahili yangu kidogo. Baba... Baba iko na batu?"

Sikuelewa mara moja. Akarudia.

"Yeye iko peke yake? Ao iko na batu?"

Fundi alikuwa amesimama hatua chache, mikono katika mifuko ya lile koti, anatazama gari. Konda alikuwa ananiita, mama wa Baraka, mama wa Baraka, tunakuacha.

"Iko na batu," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli, mwanangu. Iko nabo."

Nikasikia akipumua. Akasema aksanti mara nyingi, kisha simu ikakatika. Nikamrudishia.

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza kama uko na batu."

"Ukajibu?"

"Nikajibu uko nabo."

Mlango wa gari ukafungwa, konda akanitupia mkono wa mwisho, nami nikamtikisia kichwa aende. Gari likashuka kwenye kona. Fundi akanitoa begi begani, akalitia begani kwake, akaangalia upande wa shule, ambako moshi wa jikoni ulikuwa unapanda katika ukungu.

"Basi kuya," akasema, akiniashiria nimfuate. "Ingia ndani ukule."